Kutoka Fukuoka Hadi Mulago: Historia ya Limfoma ya Tezi ya Shingo

Mwaka 1912 jarida la wapasuaji wa Ujerumani, Archiv für klinische Chirurgie, lilichapisha makala ya kurasa 30 ya daktari wa Kijapani ambaye Ulaya haikuwa na habari zake. Jina lake Hakaru Hashimoto. Makala ilihusu wanawake wanne, wote wamevuka miaka 40, waliokatwa tezi ya shingo katika idara ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyushu, mjini Fukuoka. Kwa macho, tezi hizo zilikuwa rovu tu: kubwa, ngumu, zimeijaza shingo. Chini ya hadubini hazikufanana na rovu hata kidogo.

Tezi hiyo ya shingo, thairoidi, ikiwa na afya inapendeza kuitazama. Vifuko vidogo vya mviringo vimepangana, kila kimoja kimezungushiwa safu moja ya seli na kujaa ute wa waridi, ambao ndio ghala la homoni. Mishipa ya damu inapita katikati, basi. Seli za kinga hazina makazi humo. Katika vipande vya Hashimoto vifuko vilikuwa vimesinyaa, seli zake zimebadilika umbo, nyuzi za kovu zimetambaa, na kila upande limfosaiti, zile seli nyeupe zinazobeba kinga ya mwili, zimejazana hadi kuunda makundi ya mviringo yenye vitovu vyeupe, sawasawa na yale yaliyomo katika findo za koo na matezi ya kwapani. Ni kama mtu afungue mlango wa jikoni akute kambi ya jeshi: mahema yamesimama, bwalo limejengwa, makuruta wanafunzwa uwanjani.

Hashimoto alizaliwa tarehe 5 Mei 1881 katika kijiji cha Midai, mkoa wa Mie, kwenye ukoo wa madaktari. Alihitimu mwaka 1907, katika kundi la kwanza la wahitimu wa chuo cha tiba cha Fukuoka, akaingia kazini chini ya Profesa Hayari Miyake. Miyake naye alikuwa amesomea upasuaji Breslau kwa Johann von Mikulicz, na jambo hilo lina uzito wake. Mikulicz ndiye aliyeeleza, mwaka 1892, ugonjwa unaovimbisha tezi za machozi na za mate kwa kuzijaza limfosaiti. Fukuoka palikuwa tayari na wazo kwamba seli hizo zaweza kuhamia kwenye tezi isiyo yao. Hashimoto aliulinganisha ugonjwa wake na ule wa Mikulicz, na magonjwa mengine mawili ya thairoidi, ule wa Basedow na ule wa Riedel, akahitimisha kwamba ni kitu kipya. Akauita struma lymphomatosa, rovu lenye sura ya tezi za limfu. Saratani hakuitaja kuwa ndiyo jibu.

Baadaye alikwenda Ujerumani kusoma patholojia Göttingen. Vita Kuu ya Kwanza ikayakatiza masomo yake, na mwaka 1916 akarudi nyumbani Mie kushika kazi ya ukoo. Mtu aliyekuwa ameandika moja ya makala kubwa za tiba za karne ile akaishi kama daktari wa mji mdogo, akienda kwa wagonjwa wake kwa rikisho. Alifariki tarehe 9 Januari 1934 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 52. Leo kwenye viwanja vya kitivo cha tiba cha Kyushu kuna barabara yenye jina lake.

Makala yenyewe ilikuwa imeandikwa Kijerumani, ikatoka miaka miwili kabla ya vita, na waliosoma Kiingereza hawakuihangaikia. Waliogusia ugonjwa huo waliutia kapu moja na ule wa Bernhard Riedel, mpasuaji wa Jena ambaye mwaka 1896 alikuwa ameeleza tezi zinazogeuka kovu gumu mithili ya chuma. James Ewing, bingwa wa patholojia ya saratani New York, aliandika mwaka 1922 kwamba alichokiona Hashimoto ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa wa Riedel. Maneno ya Ewing yalikuwa na nguvu ya sheria enzi zile. Ilichukua hadi 1931, ndipo Allen Graham na E. P. McCullagh wa Cleveland wakaonyesha kwamba ni magonjwa mawili mbalimbali, na kwenye kichwa cha makala yao wakamrudishia Hashimoto jina lake kwenye mabano. Hashimoto alikuwa hai bado, na miaka chini ya mitatu ya kuishi.

Huku wanapatholojia wakibishania kovu, wapasuaji walikuwa na mgonjwa mwingine kabisa mezani. Huyu mara nyingi ni mwanamke wa miaka 60 au 70. Shingo yake ilikuwa imetuna kidogo kwa miaka bila kumsumbua, kisha katika wiki chache ikakua mbele ya macho ya watu wa nyumbani. Sauti ikakwaruza. Chakula kikawa kinakwama. Usiku akilala chali anakosa pumzi. Wapasuaji walikata walichoweza, wakapeleka kinyama maabara, na jibu likarudi: saratani ya seli ndogo ya thairoidi.

Jibu hilo lilikuwa na mantiki yake. Kwenye kioo kulikuwa na seli ndogo za mviringo, zimebanana, zimemeza tezi yote, na kwa kuwa zimetoka ndani ya tezi, zikahesabiwa kuwa ni za tezi. Shida ni kwamba wagonjwa wenye jina hilo hawakwenda njia moja. Saratani ya thairoidi iliyokosa umbo, ile inayoitwa anaplastiki, huua kwa miezi michache, na saratani ya seli ndogo iliwekwa jirani nayo. Lakini baadhi ya waliopewa jina hilo walipopigwa mionzi uvimbe uliyeyuka, na miaka ikapita wakiwa wanatembea. Saratani ya namna moja haiwezi kuwa na tabia mbili zilizopishana hivyo. Vitabu vya patholojia viliibeba hata hivyo kwa miongo, na nadhani sababu ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kisayansi: jina likishaingia kwenye jedwali, kulitoa kunahitaji mtu arudi kabatini, avute vioo vya wenzake waliokwisha kustaafu, aseme walikosea.

Miongoni mwa wa kwanza kuvuta kabati kwa nia hiyo walikuwa wale wa San Francisco. Mwaka 1955 Stuart Lindsay na Morris Dailey walichapisha habari za wagonjwa 8 wenye limfoma ya tezi ya shingo, yaani saratani ya seli za kinga zenyewe, na wakauliza waziwazi uhusiano wake na ugonjwa wa Hashimoto. Walikuwa wameangalia pale ambapo wenzao hawakuangalia: pembeni mwa uvimbe, kwenye kisehemu cha tezi kilichosalia. Kisehemu hicho kilikuwa na vifuko vilivyosinyaa na makundi ya mviringo yenye vitovu vyeupe. Fukuoka tupu.

Swali lililobaki lilikuwa hili: limfosaiti zilikwenda kutafuta nini kwenye thairoidi? Mwaka uliofuata jibu lilikuja kutoka pande mbili za Atlantiki, na wote waliolitoa walilazimika kukanyaga neno la mzee. Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne, alikuwa amefundisha kwamba mwili una hofu ya kujidhuru, na hauwezi kujitengenezea silaha dhidi yake wenyewe. Huko Buffalo, Ernest Witebsky, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi na aliyelelewa kisayansi katika shule ya Ehrlich, hakuwa na sababu ya kumkana. Kijana wake Noel Rose alichoma sungura dondoo la thairoidi za sungura wenzao, hata la tezi yao wenyewe, akakuta damu zao zimetengeneza kingamwili dhidi ya tezi hiyo. Walipofunguliwa shingo, thairoidi zao zilikuwa zimejaa limfosaiti.

Upande wa pili ulikuwa hospitali ya Middlesex, London. Deborah Doniach, aliyezaliwa Geneva mwaka uleule wa 1912, alikuwa akiwafuatilia wagonjwa wa Hashimoto waliokatwa na mpasuaji Rupert Vaughan Hudson, na aliona kwamba protini za kinga katika damu yao zilikuwa juu kupita kiasi, halafu zikishuka baada ya tezi kuondolewa. Pamoja na Ivan Roitt na Peter Campbell walikutanisha maji ya damu ya wagonjwa hao na dondoo la thairoidi ya binadamu. Mstari mweupe ukajitokeza pale vilipokutana: kingamwili zimekamata windo lao. Makala yao fupi ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1956. Tangu hapo ugonjwa wa Hashimoto ukawa wa kwanza miongoni mwa magonjwa ya binadamu ambapo mwili ulikamatwa ukiwa unashambulia kiungo chake wenyewe.

Sasa picha ya Hashimoto ilikuwa na maana. Limfosaiti hazikupotea njia. Zilikuwa zimeitwa na thairoidi yenyewe, na kwa kuwa thairoidi haiondoki, haziondoki nazo. Lakini wenye mashaka walibaki na hoja nzuri. Mwaka 1966 Lewis Woolner na wenzake wa Mayo Clinic walikusanya limfoma 46 za tezi hiyo, mkusanyiko mkubwa kwa wakati wake, na tena pembeni mwa uvimbe mwingi palionekana Hashimoto. Je, Hashimoto ilitangulia? Au uvimbe ndio uliochokoza tezi, na limfosaiti za pembeni ni majibu tu ya mwili? Kioo cha hadubini ni picha ya siku moja. Hakisemi kipi kilianza.

Hapa historia inabidi iende Kampala, ingawa aliyeipeleka huko hakuwa akifikiria tezi ya shingo. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, mpasuaji wa Kiairishi Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya. Mwaka uliofuata aliandika juu ya watoto wa aina hiyo, na mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari la Ford lililochakaa wakazunguka kama kilomita 16,000 kutoka Uganda kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo unaonekana kwao. Ramani yao ilifuata joto na mvua, na kwa hiyo ilifuata malaria. Wanapatholojia wa Makerere walikuwa wamekwisha kuona kwamba uvimbe ni limfoma. Machi 1961 Burkitt alihutubia hospitali ya Middlesex, palepale kwa Doniach na Roitt, na mmoja wa waliokaa kusikiliza, Anthony Epstein, akaanza kupokea vinyama kwa ndege kutoka Kampala hadi alipopata virusi ambavyo leo vinabeba jina lake.

Limfoma ya Burkitt si limfoma ya thairoidi, na asiyejua tofauti atapotea. Moja ni ya watoto na inakua kwa kasi ya kutisha, nyingine mara nyingi ni ya wazee. Nimeileta kwa sababu tatu. Ya kwanza ni dawa. Burkitt, ambaye hakuwa na mashine ya mionzi Kampala, aliwapa watoto wake methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini, na kwa baadhi yao dozi moja tu ilitosha kuyeyusha uvimbe ulioufunika uso. Nairobi, Peter Clifford alikuwa akiona mambo yayo hayo. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago taasisi ya saratani ya Uganda kwa kazi hiyo hasa. Siklofosfamidi na vinkristini, hii ya pili ikitoka kwenye ua la Madagaska ambalo pwani yetu hulipanda kwa urembo, ziliingia baadaye katika mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa CHOP, na CHOP ndiyo iliyokuja kuwaokoa wanawake wenye shingo zilizokua kwa wiki chache.

Sababu ya pili ni wazo. Uvimbe wa taya ulifundisha kwamba limfoma inaweza kuzaliwa nje ya matezi ya limfu, ndani ya kiungo kingine, na kwamba ugonjwa unaoichokoza kinga ya mwili kwa miaka unaweza kuandaa shamba lake. Ya tatu ni mtu. Katika maabara ya patholojia ya Makerere ya miaka ya 1960 alikuwamo Mwingereza Dennis Wright, aliyechambua seli za uvimbe wa Burkitt moja moja na ambaye mwaka 1970 alihariri pamoja na Burkitt kitabu kikubwa juu yake. Alirudi kwao akawa profesa Southampton.

Huko Southampton, Wright na Peter Isaacson walikuwa na limfoma za tumbo ambazo hazikuingia kwenye jedwali lolote. Zilikua polepole. Zilikaa tumboni miaka bila kusambaa, na waliokatwa tumbo wengi walipona. Wakati wataalamu wengine walikuwa wakipima kila limfoma kwa kuilinganisha na tezi ya limfu, hawa wawili waliona kwamba zao zinafanana zaidi na vile viota vya kinga vilivyo kwenye utando wa utumbo. Mwaka 1983 walichapisha makala katika jarida la Cancer wakapendekeza aina mpya, limfoma ya viota hivyo vya kinga, ambayo kifupisho chake, MALT, kimeshika hadi leo. Makala ilijengwa juu ya wagonjwa wachache mno na wengi hawakuikubali. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla jopo la kimataifa la wataalamu wa limfoma halijaipa nafasi katika uainishaji wa 1994.

Kilichokuwa cha ajabu katika wazo lao ni kwamba tumbo lenye afya halina viota hivyo. Linavipata kwa ugonjwa. Ndivyo ilivyo tezi ya mate, na ndivyo ilivyo thairoidi. Mwaka 1985 Wright, safari hii na Anscombe, alirudi kwenye limfoma 76 za thairoidi na kusema kwamba ni za familia ileile. Mwaka 1988 Elizabeth Hyjek na Isaacson, ambaye alikuwa amehamia University College London, walionyesha hatua kwa hatua jinsi zinavyotoka ndani ya Hashimoto. Chuo hicho kilikuwa kimeungana mwaka mmoja kabla na chuo cha tiba cha Middlesex, kwa hiyo kwa namna fulani jambo lilimalizikia kwenye jengo la jirani na lilikoanzia mwaka 1956.

Silaha yao mpya ilikuwa rangi. Kila limfosaiti B hubeba kingamwili yenye mnyororo mwepesi wa aina moja kati ya mbili, kapa au lamda, na haibadilishi maisha yake yote. Katika Hashimoto, kama katika uvimbe wowote wa kawaida, zote mbili zimechanganyika. Ukipaka rangi inayotambua kapa kisha inayotambua lamda, ukakuta eneo zima ni kapa peke yake, umekuta uzao wa seli moja tu iliyojizalisha bila kusikia amri. Hapo ndipo saratani ya seli ndogo ya thairoidi ilipofia. Vioo vya zamani vilipopakwa rangi upya, karibu zote zilikuwa limfoma, na chache zilizobaki zilikuwa saratani za aina nyingine ambazo zina majina yao. Waliokatwa shingo bure hawakuweza kurudishiwa kitu.

Ipo pia alama ambayo haihitaji rangi. Seli za limfoma ya MALT hupenda kuvamia vifuko vya tezi, zikaingia ndani ya ute na kuujaza hadi kifuko kiwe mpira wa limfosaiti. Hashimoto peke yake hufanya hivyo kwa uchache tu. Wanapatholojia wanaozeeka na kazi hii husema jicho lao huitafuta mipira hiyo kwanza, kabla ya kuagiza rangi yoyote.

Swali la kipi kilitangulia lilijibiwa na Waswidi, na halikuhitaji hadubini kubwa bali subira. Hospitali ya Karolinska, Stockholm, ilikuwa maarufu kwa kuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kusoma seli chache zinazotoka, ufundi ambao nchi nyingine ziliuchukulia kwa mashaka. Kwa hiyo walikuwa na orodha ya watu waliothibitishwa kuwa na Hashimoto kabla ya kupata uvimbe wa namna nyingine. Lars-Erik Holm na wenzake waliwafuatilia 829. Mwaka 1985 waliripoti katika New England Journal of Medicine kwamba wanne kati yao walikuwa wamepata limfoma ya thairoidi, wakati watu wa kawaida kwa idadi hiyo wasingefikia hata sehemu ya kumi ya mgonjwa mmoja. Hatari ilizidi mara 67. Hashimoto ndiyo iliyotangulia.

Nambari hiyo imewatisha watu wengi tangu hapo, na inastahili kusomwa kwa makini. Mara 67 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo sana. Katika hao 829, 825 hawakupata limfoma ya thairoidi. Hashimoto ni ugonjwa wa mamilioni ya watu duniani, wengi wao wanawake. Limfoma hii haifiki hata moja kati ya saratani ishirini za thairoidi, na saratani za thairoidi zenyewe si nyingi. Anayemeza kidonge chake cha thairoksini kila asubuhi hana sababu ya kuishi akijipapasa shingo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 tumbo lilileta habari ambayo ilifanya thairoidi ionekane na bahati mbaya. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walikuwa wamethibitisha kwamba bakteria mmoja, Helikobakta pailori, ndiye anayewasha tumbo na kusababisha vidonda. Mwaka 1991 Andrew Wotherspoon, Isaacson na wenzao walimkuta bakteria huyo kwa zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi wa limfoma ya MALT ya tumbo. Mwaka 1993 wakawapa antibayotiki wagonjwa sita. Watano limfoma yao ikanywea. Saratani imerudi nyuma kwa dawa za kuua vijidudu! Madaktari waliokuwa na umri wa kutosha wakati huo bado wanaisimulia.

Thairoidi haina bakteria wa kuuawa. Kinachozichokoza seli ni tezi yenyewe, protini zake zilezile ambazo Doniach aliona zikikamatwa, na kimeng'enya cha kutengeneza homoni ambacho mwaka 1985 kilitambuliwa kuwa ndicho windo jingine la kingamwili za Hashimoto. Ndani ya vile vitovu vyeupe limfosaiti B hupewa ruhusa isiyotolewa kwa seli nyingine yoyote mwilini: kuzibadili kwa makusudi jeni zake za kingamwili, ili kizazi kinachofuata kiwe na shabaha bora zaidi. Kazi hiyo huambatana na kukata na kuunga chembeuzi, na miaka ishirini ya kukata na kuunga haikosi siku ya kuunga vibaya. Mwaka 2005 Berthold Streubel na wenzake wa Vienna walionyesha mojawapo ya maungo hayo mabaya, ambapo jeni iitwayo FOXP1 kutoka chembeuzi ya 3 imepachikwa kando ya jeni ya kingamwili kwenye chembeuzi ya 14, pale ambapo taa haizimwi. Iko kwenye baadhi ya limfoma za thairoidi, si zote. Zaidi ya nusu ya limfoma za tezi hii zinapogunduliwa zimekwisha kuvuka hatua ya MALT, au hazikuipitia, na ni zile za seli kubwa zinazokua kwa kasi. Hizo ndizo zinazoziba njia ya hewa.

Matibabu yamebadilika kuliko patholojia. Kwa miongo mingi mgonjwa alikatwa tezi nzima, na mpasuaji alipambana na uvimbe uliogandamana na koromeo na mishipa ya sauti, mara nyingi akiacha nusu yake. Siku hizi kisu kinahitajika kwa jambo moja, kupata kinyama cha kutosha, na hata hilo hufanywa kwa sindano nene inayotoa kipande kizima badala ya seli chache, kwa kuwa sindano nyembamba ya Stockholm, kwa ubora wake wote, haiwezi kila mara kutofautisha Hashimoto iliyochachamaa na MALT changa. Limfoma ya MALT iliyobaki ndani ya tezi hupigwa mionzi kiasi, na hiyo mara nyingi inatosha. Ya seli kubwa hupewa CHOP pamoja na rituksimabu, kingamwili iliyotengenezwa kiwandani kushambulia limfosaiti B, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Mwaka 2002 Bertrand Coiffier na Wafaransa wenzake walionyesha kwa wazee 399 kwamba kuiongeza juu ya CHOP kunaokoa maisha zaidi kuliko CHOP peke yake.

Kwetu, ambako nyanda za juu zilizoea kuona rovu la upungufu wa madini joto, shingo iliyovimba haimshtui mtu upesi, na mgonjwa mwenyewe huwa na rovu hilo tangu ujana. Kinachopaswa kumshtua daktari ni kasi: uvimbe wa miaka kumi unaokua maradufu kabla ya mwezi kuisha. Mgonjwa wa namna hiyo akifika akihema, mkono wa daktari huenda haraka kwenye prednisoloni, maana huyeyusha limfoma na kumfungulia pumzi ndani ya siku chache. Lakini prednisoloni huyeyusha pia ushahidi, na kinyama kinachochukuliwa baada yake huweza kurudi maabara bila jibu. Pale ambapo njia ya hewa inavumilia, kinyama hutangulia, dawa ikafuata jioni hiyohiyo.